Niliacha Neno Korbesa, Nikarudi na Bango

Wenzangu wa kikundi, mmeniuliza mara nyingi kwa nini lile bango la bati nililoondoka nalo Kibwezi sasa ni mlango wa banda langu la kuku. Nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha, na mkishacheka nabadilisha mazungumzo. Sasa naona niandike safari yote, kituo kwa kituo, maana mzaha wenyewe umeanza kufanana na uongo.

Wengine mtasomewa haya bila kujua nilikwenda kufanya nini, basi nianze hapo. Korbesa ni kijiji cha wafugaji huko Merti, kaunti ya Isiolo. Ardhi ya pande zile imechoka kama yetu ilivyokuwa imechoka. Udongo wa juu umeondoka, na uliobaki umekauka ukawa kama sahani. Mvua ikinyesha maji hayaingii, yanateleza kwenda korongoni na mbegu zote juu yake. Dawa ni ile tuliyoitumia hapa kwetu. Unachimba shimo la nusu mwezi, mdomo ukitazama maji yanakotoka. Udongo unaoutoa unaurundika upande wa chini uwe ukingo. Maji yanaingia, yanapumzika, yanazama, nawe unatia mbegu za nyasi. Shimo moja halina maana. Lakini ukichimba mashimo mengi, bonde baada ya bonde, kijiji baada ya kijiji, unageuza njia ya maji ya nchi nzima, na malisho yanarudi.

Kuna jambo moja zaidi, na msipolishika hili hamtaelewa aibu yangu. Kwetu shamba lina ua na mwenyewe. Kule malisho ni ya wote, na mifugo hutoka mbali sana. Nyasi changa zikiliwa kabla hazijatoa mbegu, kazi imekufa, kwa hiyo mahali lazima pafungwe kwa misimu miwili. Hakuna waya wa kuizungushia nchi. Kinachofunga ni makubaliano. Wazee wa dedha, yaani baraza la Waborana linalosimamia malisho, wakisema pale pasilishwe, mchungaji aliye mbali akisikia anageuza mbuzi wake. Ua wa kule ni neno la watu.

Talaso, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Korbesa, aliwabembeleza wazee muda mrefu mpaka wakakubali kufunga kipande kimoja kando ya kijiji. Kikifaulu, vijiji vingine vya kando ya mto vingefuata. Akina mama wakakusanya mbegu wakazitia magunia. Yalibaki mawili tu: mvua, na mimi wa kuwaonyesha kuchimba.

Isiolo mjini, "saa hii"

Lori la kwenda Merti lilikuwa limesimama karibu na soko, limejaa sukari, unga na mitungi ya mafuta. Dereva wake, Abdi, alikuwa kijana Msomali mwenye sauti ya upole iliyonidanganya vizuri.

"Tunatoka saa hii, mama," akasema.

"Saa hii ya saa ngapi?"

"Saa hii tu. Kunywa chai."

Nikanywa. Nikala wali na nyama ya mbuzi. Nikanywa tena. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakaenda kuswali wakarudi, na lori bado lilikuwa linatoka saa hii.

Kwenye kivuli cha lori alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba na kidumu kidogo cha maziwa kando yake. Abdi aliniambia anaitwa Loko, nami nimwite Akko, yaani nyanya. Alilitazama bango langu kwa makini.

"Wewe mama, hii bati yako naweza kalia, ama ni kitu ya serikali?"

"Kalia tu, Akko."

Akakalia. "Wewe kabila gani?"

"Mkamba."

"Aa! Ile ya kurukaruka kwa ngoma."

"Mimi siruki tena, Akko. Magoti yamekataa."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Basi tuko sawa. Yangu ilikataa zamani."

Akaniuliza kama ni nagaa, yaani amani. Nikajibu nagaa, nikainuka kwenda kuangalia begi langu. Akaniita. "Sijamaliza." Akaendelea: watoto nagaa? Mvua ya kwenu? Nyasi? Ng'ombe? Njia? Baada ya kila neno nilipaswa kujibu na kumrudishia lake. Nilimaliza kwa adabu, lakini nusu ya jicho langu ilikuwa kwenye begi, na nadhani aliliona jicho hilo.

Kisha akafungua kidumu, akamimina maziwa ya ngamia kwenye kifuniko akanipa. Yalinukia moshi. Kila tulipokaa pamoja baada ya hapo alinimiminia tena, bila kuuliza.

Kuelekea Gotu kwa kupitia Burat

Tulipoondoka hatimaye, hatukuelekea Gotu. Tulielekea Burat, upande mwingine kabisa, kwa sababu Abdi alikuwa amemwahidi mtu vitunguu. Tukapakia vitunguu. Kisha mwenye mahindi mabichi wa shamba la pili akamwona mwenye vitunguu, naye akataka yake yapakiwe. Nililalamika kidogo. Akko Loko akaniambia nitulie, kwamba gari ambalo halijajaa linaharibika njiani kwa hasira. Tukarudi mjini, tukalala, tukaondoka alfajiri.

Lilikuwa limejaa, na bado likaharibika. Springi ilikatika Gotu, kabla ya daraja. Abdi akaingia chini ya lori na spana zake, nasi tukateremka. Mama mmoja wa kibanda akatuletea chai, chapati na nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama vilivyokaangwa vikahifadhiwa ndani ya mafuta. Bango langu likalazwa juu ya mawe likawa meza. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilijiona msafiri hodari.

Simu ikalia. Wafula, simu ilikuwa yako, usijifiche nyuma ya wengine. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, kwa hiyo nikapanda juu ya lori na kupiga kelele. Mbele yangu, ng'ambo ya mto, nchi ilikuwa imelala uchi, nyekundu na nyeupe, bila hata jani.

"Nduku! Ardhi ya huko iko aje?"

"Bure!"

"Ati?"

"Bure kabisa, Wafula! Yote bure, mpaka macho yanapoishia!"

"Basi nikatie ekari mbili!"

Nikacheka, mnajua ninavyocheka. "Nitakukatia hata kumi! Nani atakuuliza?"

Niliposhuka, Akko Loko alikuwa amekifunga kidumu chake. Alinyoosha kidole kwenye bango, katikati ya vikombe vya chai. "Hapa imeandikwa nini?"

"Shamba la Mfano," nikasema.

"Shamba." Alilirudia neno hilo polepole. "Ya nani?"

Mnanijua, mtu akiniuliza swali la kazi siwezi kumpa jibu fupi. Nikamweleza maana ya mfano, na jinsi shirika lililonipa bango na nauli linavyopenda mahali pajulikane, na jinsi wageni watakavyokuja kuona. Nilieleza vizuri. Alisema "Mm," akatazama daraja.

Gotu hadi Korbesa, bila maziwa

Kutoka hapo hakunimiminia tena. Nilidhani amechoka. Nikampa biskuti.

"Nimeshiba," akasema, na midomo ilikuwa mikavu.

Barabara ile ni vumbi na mawe, na kila baada ya muda unakutana na laga, yaani mto mkavu wa mchanga. Kwenye laga moja magurudumu yakazama. Tukakata matawi tukayaweka chini ya tairi, yakasagika. Abdi akanitazama, akalitazama bango.

"Mama, samahani. Hiyo bati iko na nguvu?"

Nikalitoa. Lori likapanda juu ya Shamba la Mfano likatoka. Alama ya tairi bado ipo, nendeni mwangalie kwenye banda. Lakini kazi ile ilichukua muda, na katikati yake ikapita bodaboda ya mtu anayemfahamu Akko Loko. Akapanda na kidumu chake, akatangulia kwao Korbesa. Nikampungia mkono. Hakupunga.

Nieleze, kwa wale wasiojua, kwamba mtu anayefika mahali kule hupokewa kwa kuulizwa habari za njiani, na hujibu zote. Si umbea. Ndivyo watu wanavyojua mvua ilinyesha wapi na ugonjwa wa mifugo uko wapi. Akko Loko aliulizwa habari za njiani, akazitoa kama zilivyokuwa. Nilipofika Korbesa kesho yake asubuhi, maneno yangu yalikuwa yameshalala pale usiku mzima.

Korbesa, kivuli cha tangi

Talaso alikuwa ameniahidi kwenye simu kwamba akina mama wote watakuja na majembe. Nilimkuta peke yake kando ya tangi la maji. Ni mama mrefu, wa umri wangu, mwenye kutembea haraka. Siku ile alikuwa amesimama tu.

"Salaam aleikum," nikasema.

"Waleikum salaam." Hakunipa mkono. "Mwalimu, ulisema nini Gotu?"

"Gotu? Sikusema kitu."

"Ulisema. Fikiria."

Nilifikiria kwa uaminifu kabisa, na sikuona kitu. Hapo ndipo nilipogutuka kusikia kengele na milio ya mbuzi. Talaso aligeuka, akavua viatu akakimbia. Kundi zima lilikuwa limeingia kwenye kipande kilichofungwa, linang'oa vile vichipukizi vichache vilivyokuwa vimeanza kujikusanyia nguvu, linakanyaga mistari ambayo akina mama walikuwa wameipanga kwa mawe. Nilitupa begi nikamfuata. Watu walisimama milangoni wakitutazama sisi wawili tukipunga nguo na kupiga kelele. Tukiwatoa hawa, wale wanaingia. Hakuna aliyekuja kusaidia. Nilikaribia kumtupia jiwe beberu mmoja mweusi, Talaso akanishika mkono.

"Wacha. Hizo ni mbuzi ya shemeji yangu."

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ni Mzee Guyo, mkubwa wa dedha. Yeye ndiye aliyepafunga mahali pale kwa ajili ya Talaso, na yeye ndiye aliyepafungua asubuhi ile. Kama ardhi inakuja kukatwa ekari, alikuwa amesema, heri iliwe na mbuzi kwanza.

Tukaketi kwenye kivuli cha tangi, wazee upande mmoja, akina mama upande wa pili, na foleni ya mitungi katikati. Mzee Guyo ni mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kofia nyeupe.

"Mimi ni mtu ya Kiswahili kidogo," akaanza. "Wewe ni mwalimu. Niambie, bure ni nini?"

Hapo nikakumbuka. Nilikumbuka mpaka kicheko. Na badala ya kusema neno moja ambalo lingefaa, nikafanya ninachokifanya siku zote. Nikaeleza.

"Mzee, kuna bure mbili," nikasema. "Kuna bure ya kitu ambacho hukilipii. Na kuna bure ya kitu kisichofaa. Tuseme kikombe kimetoboka. Mtu anasema, hiki kikombe ni bure. Hasemi kichukuliwe, anasema hakina kazi. Mimi nilikuwa na maana ya pili."

Nilijisikia nimelifafanua vizuri sana. Kijana mmoja aliwatafsiria wazee. Nilimwona Talaso akivuta mtandio wake mpaka ukafunika mdomo.

"Kwa hivyo," Mzee Guyo akasema, "hii ardhi ya baba yangu si ya kuchukua."

"La hasha, mzee."

"Ni ya kutupa."

Mzee mmoja nyuma yake akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Na ile ekari kumi?"

"Ulikuwa utani tu, mzee. Na rafiki yangu."

"Na ulisema, nani atakuuliza." Akajigusa kifua. "Sasa mimi nimekuuliza."

Kisha akatoa uamuzi, bila hasira. Mahali penye maneno hapafanyiki kazi. Kwao, watu wakiwa na kinyongo mvua hupita juu yao ikaenda kwa wengine. Kwanza iwe nagaa, halafu majembe. Na nagaa haikuwepo.

Wakaondoka. Talaso alibaki akitazama magunia ya mbegu yaliyokuwa yameegemezwa kwenye tangi, tayari kwa kazi ya siku ile.

Mawingu

Niliwekwa nyumbani kwa Talaso, kwa sababu yeye ndiye aliyeniita. Alinilisha vizuri, anjera ya unga uliochachuka asubuhi, ugali na maziwa jioni, na hakuzungumza nami ila kuhusu chakula. Wanawake waliokuwa wakipita kwake kila siku walikuwa sasa wanapitia upande mwingine wa kijiji. Upande wa kusini mawingu yalianza kupanda kila alasiri, kila siku yakiwa mazito zaidi. Nyinyi wakulima mnajua maana yake. Mashimo yasipochimbwa kabla ya mvua ya kwanza, msimu umekwenda.

Nikamwambia tuchimbe sisi wawili, tuanze tu. Akakataa. Nikamwambia basi niondoke, labda nikiondoka mambo yatapoa.

Alikuwa anaosha sufuria. Aliiweka chini.

"Ukienda, maneno yako inabaki na mimi. Hawasemi Mkamba alisema. Wanasema mgeni ya Talaso alisema. Wewe uko na gari ya kurudi, mwalimu. Mimi narudi wapi?"

Wenzangu, nimefundisha watu wengi, na wengine wenu nimewafundisha kushika jembe. Huwa nawaambia kosa ni mwalimu, usiliogope. Siku ile nilijua kwamba kosa langu halikuwa linanifundisha mimi. Lilikuwa linamla mwingine.

Kesho yake nikaenda kwa Akko Loko. Alikuwa mlangoni pake anasuka kamba. Nilimsalimia, na safari hii sikuacha kitu: watoto, mvua, nyasi, mifugo, njia, magoti. Alijibu vyote, kwa kuwa salamu hainyimwi mtu. Kisha nikaanza kumweleza kwamba lile neno, katika Kiswahili, lina matumizi…

"Wewe unaeleza sana," akanikata. "Mtu ya kueleza sana, iko kitu anauza."

Kamba ilikuwa inakwenda na kurudi mikononi mwake.

"Nilisema, Akko," nikasema. "Nilisema ni bure. Na nilicheka."

"Ulicheka sana."

"Nilicheka sana."

"Na maziwa yangu iko kwa tumbo."

"Na maziwa yako yako tumboni mwangu."

Alisuka kidogo zaidi. "Hiyo sasa ni maneno ya kweli," akasema. Hakusema amenisamehe. Aliita ndani niletewe chai, tukanywa.

Alasiri alinipeleka mwenyewe kwenye tangi, akiwa ameshika kifundo cha mkono wangu kama mtu anayempeleka mtoto aliyevunja kitu. Mzee Guyo akawaita wenzake. Nikarudia mbele ya wote yale yale niliyomwambia Akko, bila kikombe kilichotoboka, bila bure mbili. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu vya watu.

Mzee Guyo akauliza jambo moja tu. "Hiyo bati yako imeandikwa shamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Itarudi na wewe. Hapa hakuna shamba. Iko malisho tu."

"Nitarudi nalo."

Kisha mzee mmoja akasimama na fimbo yake akaomba baraka, na kwa kila ombi watu wote waliitikia "Nagaa." Mvua iwe nagaa. Nyasi iwe nagaa. Mgeni awe nagaa. Lilipofika hilo la mgeni sikujua kama niitikie kwa sauti au kwa siri. Kabla ya magharibi, mbuzi wa Mzee Guyo walikuwa wametolewa, na yeye mwenyewe alitembea ukingoni mwa kipande akiwaambia wachungaji waliokuwa wakipita kwamba pamefungwa tena.

Tulipochimba

Akina mama walikuja asubuhi. Walikuwa wepesi kuliko sisi tulivyokuwa mwanzo, lazima niseme, na wenye maneno makali. Niliwaonyesha jinsi ya kupima mteremko kwa maji ndani ya mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na jinsi ya kupanga mashimo yapishane kama magamba ya samaki, ili maji yanayoliruka hili yaangukie lile. Mmoja, mwenye sauti nene, akauliza kwa sauti kubwa kama shimo lake limekaa vizuri au ni bure. Wakacheka wote. Nikacheka nao, na masikio yalikuwa yanawaka.

Mvua haikutungoja. Ilikuja tukiwa tumemaliza ukanda mmoja tu, ule ulio karibu na tangi. Tulikimbilia ukutani kwa Talaso tukatazama. Kwenye ukanda tuliouchimba, maji yalifika, yakaingia kwenye nusu mwezi ya kwanza, ikajaa, yakamwagikia ya pili, yakatulia humo, ya rangi ya chai ya maziwa. Mnaijua raha ya kuona hivyo. Lakini ukanda huo ulikuwa sehemu ndogo ya kipande. Upande mwingine wote, pale mbuzi walipokanyaga, maji yalishuka mekundu kwa kasi yakaondoka na udongo, na hapakuwa na la kufanya.

Mbegu nyingi zilikuwa bado kwenye magunia. Mvua ilipokatika, Talaso na wanawe waliyafunga kwenye boriti za paa yangojee msimu mwingine.

"Imekuwa kidogo," akasema.

"Kwa sababu yangu."

"Ndiyo," akasema, akaendelea kukaza fundo.

Niliishukuru ile ndiyo. Angenifariji ningelia.

Kurudi

Nilirudi na lori lile lile, safari hii limejaa mbuzi wa kuuzwa Isiolo. Akko Loko alikuja kuniaga. Alinipa kidumu kidogo, kimejaa, akanionya nisikirudishe kitupu siku nikirudi. Abdi alipoona nimebeba bango akalipokea kwa mikono miwili.

"Hii bati yako inapenda safari kukushinda wewe, mama."

Mbuzi walisimama juu yake mpaka Gotu. Tuliposimama pale darajani simu ikalia. Wafula, ilikuwa ni wewe tena, mahali pale pale. Niliona jina lako. Niliitazama nchi ya ng'ambo ya mto, iliyokuwa imeanza kupata kijani chembamba kama ukungu, na mbele ya wale abiria wote sikuthubutu kuishika ile simu. Unisamehe. Mpaka leo mtu akiniuliza ardhi ya Isiolo ikoje, huwa nasema ni ya watu.

Talaso alinipigia juzi. Tulisalimiana salamu zote, nami sasa nazipenda. Akaniambia ule ukanda mdogo umeshika. Nyasi zimefika magotini na zinatoa mbegu, na wazee wa kijiji cha jirani wamekuja kuzitazama, wakakaa muda mrefu wakiongea na Mzee Guyo. Wamesema watafikiria kufunga kwao pia. Wakati bado tunaongea nikasikia mtoto akipiga kelele nyuma yake, na Talaso akageuza mdomo kutoka kwenye simu akajibu kwa ukali. Nilishika neno moja tu katika sentensi yote ya Kiborana.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anasema mbuzi inaingia Bure."

"Wapi?"

Nilisikia anajizuia kucheka. "Hapo mahali, mwalimu. Watu wanaita hivyo. Nimetoka Bure, naenda Bure. Hata shemeji anaita hivyo. Hata wale wageni walisema wanataka kuona Bure."

Nilimwomba. Nilimwambia jina likishakaa juu ya mahali haliondoki, kwamba wajukuu wetu watalitamka, kwamba nitalipa chochote walibadilishe, waite Nagaa, waite Malisho, waite lolote.

"Hapana," akasema Talaso. "Hiyo tunaacha. Ardhi hatukukupea. Jina ndio tumekupea, na hiyo ni bure."